Utitiri Niliouita Uchafu

Mwanaidi mwanangu,

Usishtuke kuikuta barua juu ya begi lako. Najua umenizoea kwa ujumbe wa simu wa maneno matatu: umefika, umekula, haya. Lakini ninayotaka kukuambia hayaingii kwenye simu, na nikiyasema kwa mdomo nitaanza mzaha kabla sijafika katikati, wewe utacheka, mama yako atasema "mwache mtoto afunge mizigo," na mambo yatabaki palepale yalipobaki miaka tisa. Kwa hiyo leo nimefunga meza yangu ya Mwembesongo saa nane mchana. Saa za watu zitasubiri. Ni saa, kusubiri zinajua.

Ya nauli, ya sabuni, ya kutonunua vya dirishani mwa basi njia nzima mpaka Mbeya, mama yako ameshayasema mara mbili, na hapa barazani namsikia huko ndani anaanza mara ya tatu. Hayo namwachia yeye. Mimi nina la kuku.

Cheka tu. Lakini asubuhi ya leo ulikuwa umempakata Kishingo, manyoya yametapakaa uwanjani kama mtu kapasua mto, na nikakusikia unamwomba mama yako akuangalizie kuku wako ukiwa chuoni. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na mswaki mdomoni. Nikasema, "Na mimi nipo." Ukanijibu kwa adabu sana, "Hapana baba, wewe una kazi nyingi."

Lo! Adabu ile, mama, imenichoma. Ungenitukana ningejibu. Nimekwenda kazini nimefungua saa ya mteja nikaikodolea macho mpaka akaniuliza kama imekufa. Maana kazi zangu wewe unazijua, hazijawahi kuwa nyingi kiasi hicho. Hukutaka kuniachia Kishingo, na sababu unayo, na mimi ninaijua, na hatujawahi kuitaja. Leo naitaja.

Kishingo alikuja kwetu kifaranga, ndani ya kikapu cha ndizi, mjomba wako Salumu alipoteremka kutoka Kinole kutuona. Ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilitaka kumrudisha. Nilisema kuku wa shingo tupu sura yake haivutii, na jirani alipomwona akatuuliza kwa nini tunafuga kuku aliyekwisha kuchinjwa nusu. Wewe ukamshika ukasema, "Huyu ni wangu." Akawa wako. Akakufuata mpaka chooni. Kila alfajiri ulikuwa unaingia bandani kukaa naye kabla ya shule, nami nikaona ni mchezo wa mtoto, nikakuacha.

Halafu mambo mawili yakaanza kwa pamoja, na mimi sikuyaunganisha. Kuku walipunguza kutaga. Aliyekuwa anaatamia akayaacha mayai yake, kila jioni tunamrudisha kiotani, asubuhi tunamkuta nje amesimama kama amefukuzwa. Upanga wa kichwani, ule unaotakiwa kuwa mwekundu kama nyanya, ukapauka. Kishingo shingo yake ikajaa vipele, nami nikasema, na hili nakumbuka nililisema kwa sauti ya mtu anayejua: "Huyo ni kishingo, shingo zao ndivyo zilivyo." Sikumshika hata kumtazama. Shingo ile haina hata unyoya mmoja wa kuficha kitu, Mungu ameifunua yote, na mimi sikuitazama!

Na wewe ukaanza kujikuna. Mikono, shingo, nyuma ya masikio. Ukajikuna mpaka ukatoa damu.

Nikasema upele. Nikakununulia ile dawa nyeupe kama maziwa inayowasha, nikakupaka mwili mzima siku tatu, ukalia siku tatu. Upele haukuondoka. Mama yako akachemsha mwarobaini. Haukuondoka. Mwalimu akakurudisha nyumbani usije ukawaambukiza wenzako. Basi mimi, badala ya kuuliza, nikaona aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira, hilo unalijua na umelirithi kidogo, usikatae.

Wakati huohuo nilimwita bwana mifugo wa kata aje atazame kuku. Alikuwa dada kijana, lakini cheo ni cheo, sote tulimwita bwana mifugo, naye aliitika. Akaingia bandani ameinama, akapitisha kidole chini ya fito wanazolalia kuku, akakitazama juani, akasema, "Mzee, hapa kuna utitiri."

Sasa nielewe, Mwanaidi. Mimi neno hilo nilikuwa nalo maisha yangu yote. Redio haizimwi mezani kwangu. Utitiri wa kodi, utitiri wa vyama, utitiri wa matapeli mjini. Utitiri kwangu ulikuwa wingi uliozidi. Nikamtazama nikamwambia, "Kuku kumi na mmoja tu, ndio utitiri?" Akacheka. Alidhani natania. Nikacheka na mimi, nisionekane mshamba. Simu yake ikaita, akatoka anaongea, akageuka getini akasema, "Punguza huo utitiri haraka, mzee, utakumalizia kuku. Jumatatu napita nikuelekeze dawa."

Nikabaki nimesimama uwanjani nimeudhika. Serikali imenihesabia kuku wangu!

Jumatatu akapita kweli, mtu wa kazi yule. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimemwachia maagizo mama yako: akija, mwambie tumeshapunguza. Mama yako akamwambia. Dada wa watu akafurahi, akasema hongereni, akaenda zake. Mpaka leo nikikumbuka ile "hongereni" natamani kuingia chini ya kitanda. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Mimi nilishindwa kuuliza neno moja, tena la Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo.

Unajua nilivyopunguza. Lakini kabla ya hapo kuna jambo lingine, na hili ndilo nimekaa kulizungukia tangu mwanzo wa barua kama paka na maziwa ya moto.

Uliniletea chakula mezani kwangu, Mwembesongo, mchana. Wateja walikuwepo wawili, na Bi Tatu, yule bibi anayekaanga vitumbua pembeni yangu, alikuwepo. Uliniwekea bakuli, ukaanza kujikuna shingo. Mteja mmoja akavuta kiti chake kidogo. Kidogo tu. Nami nikasema, mbele yao wote, "Acha kujikuna, mchafu wewe. Mtoto wa kike mchafu namna hii nimemtoa wapi?"

Hukulia. Uliweka mikono nyuma, ukasimama hivyo mpaka nilipomaliza kula. Mikono nyuma, shingo inakuwasha, hujikuni. Nimetengeneza saa nyingi tangu siku hiyo na bado nakuona umesimama vile.

Jioni yake nikakunyoa nywele zote. Ulikuwa umesukwa kwa ajili ya maulidi, ulikuwa uimbe kaswida na wenzako. Ukaenda na kitambaa, ukasimama safu ya nyuma.

Mjomba wako akasikia. Kwetu Waluguru unajua, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana kauli. Akateremka kutoka Kinole akakuketisha mkekani, akakusema kwa upole lakini akakusema: mtoto wa kike haogi, ukoo utasemaje. Wewe ukanitazama mimi. Mimi nikatikisa kichwa kukubaliana naye. Halafu, kumshukuru kwa safari yake, nikamtilia kuku sita kwenye tenga apande nao mlimani. Hapo nikawa nimepunguza utitiri. Nilijiona mwerevu: bwana mifugo nimemridhisha, na shemeji nimemheshimu, siku moja.

Kishingo alibaki kwa sababu ulimng'ang'ania. Nikaona basi nimtibu mwenyewe. Kila mtu mjini hapa ana dawa moja ya kila kitu, oili chafu ya gereji. Mchwa kwenye mbao, oili chafu. Mbwa ana upele, oili chafu. Nikaomba nusu kopo, nikampaka Kishingo shingoni, chini ya mbawa na miguu yote miwili, mpaka akawa mweusi anang'aa. Nilifurahi namna alivyong'aa.

Ulipotoka shule ulimkuta amekunja shingo, mbawa zimeshuka, anajidonoa yale mafuta na kuyameza. Ulimwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, ukamfuta, ukamwogesha tena, ukamfunga kwenye khanga ya mama yako ukakaa naye juani kama mtu anayelea. Siku tatu hakula. Ngozi ikambanduka. Akapona kwa mikono yako, na kuanzia siku ile Kishingo akiniona mimi hukimbia. Miaka tisa, kuku yule akisikia kandambili zangu hujificha nyuma ya mtungi. Watu husema kuku hana kumbukumbu. Thubutu!

Na sasa nifike pale ninapopapenda, maana ingawa mimi ndiye niliyeaibika, sijawahi kuona jambo zuri kama lile.

Ulikuja mezani kwangu Jumamosi asubuhi, kitambaa chako kichwani, umeshika kipande cha shuka jeupe kilichokunjwa mara nne. Ukasema, "Shikamoo baba. Naomba uniazime jicho lako."

Jicho, unajua, ni kile kioo changu kidogo cha kukuzia ninachokibana jichoni nikifungua saa. Hakuna aliyewahi kukigusa. Nikakuambia nina mteja. Ukasema, "Nitasubiri." Ukasubiri, umesimama mbali kidogo na watu, na nilijua kwa nini unasimama mbali. Mteja alipoondoka nikakupa.

Ukakunjua kitambaa mezani. Ukanieleza kwa sauti ndogo kwamba uliona kuku wanajikuna zaidi asubuhi kuliko jioni, na wewe pia, ukajiuliza ni nini kinachokuja wakati kuku wamelala. Ukafunga shuka jeupe chini ya fito magharibi, ukalifungua alfajiri. Miaka kumi! Nani alikufundisha? Mimi sijakufundisha. Nilitazama kwa macho matupu nikaona vumbi, kama pilipili manga iliyosagwa. Nikasema, "Vumbi hili." Ukasema, "Tazama kwa jicho, baba."

Nikalibana. Wallahi, Mwanaidi, vumbi lilikuwa linatembea.

Vidudu vidogo kuliko ncha ya bisibisi yangu ndogo kabisa. Vingine vya kijivu, vitupu. Vingine vimevimba vyekundu, vimeshiba damu hata miguu haifiki chini vizuri. Nilihesabu miguu ya kimoja: minane. Nilisahau meza, nilisahau redio. Nimetazama vitu vidogo maisha yangu yote lakini vyote ni vya chuma, hakuna hata kimoja kilichowahi kunikimbia. Nikaita, "Bi Tatu, njoo uone!" Bi Tatu akaja na upawa wake, hakuhitaji hata jicho. Akasema, "Si utitiri huo? Wa kuku. Fundi mzima hujawahi kuona utitiri?"

Nikarudisha jicho kwenye kitambaa.

"Ndio unaotoka kwenye nyufa kuku wakilala," akasema, "unanyonya, asubuhi unarudi kujificha. Kuku anayeatamia anaukimbia, anaacha mayai. Na mtu akikaa bandani humpanda."

Nawe ukasema, taratibu, hukunitazama, ulikuwa unatazama kitambaa: "Kwa hiyo hao ndio walikuwa wananiuma mimi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Meza ileile, shahidi yuleyule. Bi Tatu alinitazama akisubiri niseme, yule bibi anajua kusubiri. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Haya, tukanunue dawa." Mganga hajigangi, mwanangu. Nilikuwa na jicho la kuona mguu wa utitiri, nikakosa la kuona mtoto wangu.

Kazi tuliyoifanya baada ya hapo unaikumbuka, na naamini ndipo ulipoanza safari hii ya kwenda kusomea maabara. Tulitoa fito zote tukazimwagia maji yanayochemka. Tulichoma majani ya viota. Tulipaka chokaa kila ufa, na duka la dawa za mifugo wakatupa dawa ya unga ya kunyunyizia kuku chini ya mbawa. Mimi nikasema imekwisha. Wewe ukauliza, "Na mayai yao?" Nikasema mayai gani. Ukasema kila kidudu hutaga, na dawa huenda haiui mayai, basi turudie baada ya wiki. Tukarudia. Na wewe hukuingia bandani tena kukaa, ulimtoa Kishingo nje mkakaa kwenye jiwe, na ndani ya wiki mbili ngozi yako ikatulia kama haikuwahi kuwasha. Nywele zikaota. Nikakununulia viatu vyekundu.

Nilidhani umeelewa kwamba viatu ni samahani. Kiatu hakisemi, mama. Ulivivaa mpaka vikakubana na hukuwahi kujua vilikuwa vya nini.

Na kuna deni jingine la ulimi, hili hulijui. Karibu mwezi baadaye mjomba wako alipiga simu. Kuku wake wanaacha mayai, vifaranga wanakufa wamepauka, watoto wa nyumba nzima wanajikuna. Akaniuliza, shemeji, wale wako walikuwa wazima? Nikajibu, "Wazima kabisa." Nilikuwa nimeshajua, Mwanaidi. Kioo nilikuwa nimeshakibana, miguu minane nimeshaihesabu. Nikamwelekeza maji ya moto, chokaa na dawa ya unga, na kurudia baada ya wiki, akapona yeye na kuku wake, akanishukuru, akawaambia watu Kinole nzima kwamba shemeji yake ni mtaalamu wa kuku. Mpaka leo watu wa kule wananipigia kuniuliza. Ndiyo maana nimejifunza, unafikiri nilijifunzia nini? Nilijifunza mambo yote haya ya kuku ili uongo wangu usinishinde.

Kwa hiyo mjomba wako anaamini mpaka leo kwamba mimi ni mtaalamu, na kwamba wewe, utotoni, ulikuwa huogi. Bado huwa anakutania. Idi iliyopita alisema, "Huyu sasa ananukia, zamani tulimkimbia," watu wakacheka, nawe ukacheka. Mimi nilikutazama mikono. Uliiweka nyuma.

Sasa nikujibu swali lako la asubuhi, maana uliuliza na hakuna aliyekujibu. Ulimwuliza mama yako juu ya Kishingo, "Anaumwa au anazeeka?"

Nilipofunga meza nilikuja nyumbani kumtazama. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga mashoga zako. Kishingo aliponiona akaenda nyuma ya mtungi kama kawaida yake. Sikumkimbiza. Nilikaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali ya kazi, nikatandaza mchele kiganjani. Mama yako alitoka akanitazama, akarudi ndani. Nilikaa mpaka mguu ukafa ganzi. Akaja hatua moja, akarudi. Akaja mbili. Mwishowe akala, akiniangalia kwa jicho moja, namna yao ile. Nikaweka mkono mgongoni kwake. Hakuondoka.

Basi nikatazama, kwa jicho, kila mahali, na hiki ndicho nilichokiona. Shingo safi, haina kipele. Upanga mwekundu kwa umri wake. Pembeni ya macho na kwenye ndevu hakuna vile vidoti vyeusi vya viroboto vinavyong'ang'ania ngozi. Hakuna magamba ya ndui. Chini ya mbawa na chini ya mkia hakuna chawa, wala yale mayai yao yanayoganda kwenye mashina ya manyoya. Pale kifuani palipobaki wazi hapana kidonda, na hapakudonolewa. Na nilipopitisha kidole kinyume nilisikia vitu vigumu vinachoma. Nikabana jicho. Ni manyoya mapya! Kila moja linatoka limefungwa ndani ya kifuko chembamba, ncha tu imepasuka, linachungulia. Nilikaa nayo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Haumwi, mwanangu. Anabadili manyoya. Mzee wa miaka tisa anajivalisha upya.

Lakini sitakuficha la pili. Mguu wa kushoto, magamba ya safu mbili yameinuka, kama bati lililotoka misumari. Huo ni utitiri wa namna nyingine, unaoishi chini ya magamba ya mguu, hauonekani kwa kioo changu. Ndio kwanza umeanza. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani taratibu, akikauka mafuta mazito ya mgando, na kurudia siku baada ya siku mpaka magamba yalale. Si oili chafu. Nimeliandika hili ili ujue kwamba najua.

Na moja silijui. Anapumua kwa sauti kidogo akipanda ngazi. Labda uzee, labda jingine. Sijui, na nimeona ni raha ya ajabu kuandika neno hilo. Ningelisema kwa yule dada pale bandani, "utitiri ni nini, sijui," mambo yote haya yasingekuwepo. Huko uendako utapewa maneno mengi mageni, na hayo utayauliza kwa sababu ni mageni. Mimi lililoniangusha lilikuwa neno nililokuwa nalitumia kila siku.

Kesho mjomba wako anafika na gari la kwanza kutoka Kinole, akusindikize stendi. Bi Tatu nimemwomba aje kunywa chai kwetu kabla ya kuwasha jiko lake, ameniuliza kuna nini, nimemwambia nimechelewa kusema jambo, akasema, "Miaka tisa si kuchelewa, fundi, ni kulala." Kitambaa cheupe kimekunjwa mlangoni mwa banda, magharibi hii nitakifunga chini ya fito kama ulivyofanya. Asubuhi, mjomba wako akishafika, tutakifungua wote, na jicho utalibana wewe kwanza. Huenda tusikute kitu. Lakini mjomba wako atauliza ni kitu gani tunakitafuta, naye akiuliza nitamwambia yote: utitiri uliomla kule Kinole ulitoka kwangu, nilijua nikanyamaza, na mtoto aliyemsema mkekani alikuwa anaoga kila siku.

Nakuomba jambo moja tu. Nikianza, usinikatize. Nakujua, utasema, "Yaliisha baba." Hayakuisha. Hukuwa mchafu, Mwanaidi. Hukuwahi kuwa mchafu hata siku moja. Banda langu ndilo lilikuwa chafu, na mdomo wangu.

Baada ya hapo, muda wa kuondoka ukifika, Kishingo utakuwa umempakata, najua. Ukiona nafaa, nikabidhi mimi mkononi. Ukiona bado, mpe mama yako kama ulivyopanga. Sitauliza, na nitampiga mswaki ule mguu hivyo hivyo, mimi nikiwa msaidizi.

Baba yako